Magugu Katika Dawa: Mjadala wa Kipimo na Dhima

HOJA: Kwamba dawa ya mitishamba isiuzwe mpaka ithibitike kwa kupimwa kuwa mtumiaji wake hatameza, kwa siku moja, sumu ya magugu inayozidi mikrogramu moja.

WASEMAJI: Mwenyekiti; Mfamasia, mwenye kuiunga mkono hoja; Mganga, mwenye kuipinga; na Mkulima, aliyealikwa kwa sababu pasipo shamba hapana dawa wala magugu.

MWENYEKITI: Mabibi na mabwana, miongoni mwa mambo ambayo wanadamu huyapokea bila ya kuyahoji, kwa kuwa waliyakuta na wanatarajia kuyaacha nyuma yao, ni kikombe cha dawa ya majani kinachochemshwa nyumbani kwa mgonjwa. Aghalabu hatuulizi mna nini katika kikombe hicho zaidi ya jani tulilolikusudia. Jioni hii tumekutana kuliuliza swali hilo, wala hatukukutana kuhukumu kama tiba ya asili ni kweli au ni uongo, maana mjadala huo umekwisha kuchosha masikio ya watu wengi na haujamponya hata mmoja. Tunazungumza juu ya kitu kisichotakiwa kuwamo: gugu lililoota karibu na dawa, likavunwa pamoja nayo, likakaushwa na kusagwa pamoja nayo. Namwomba Mfamasia afungue mlango.

MFAMASIA: Nakushukuru, Mwenyekiti, na kabla ya yote natoa heshima yangu kwa Mzee Mganga, ambaye kwa umri ni baba yangu na kwa maarifa ya miti ni mwalimu wangu, asije akadhani kuwa nimekuja kuivunja hadhi ya kazi yake. Mimea mingi, kwa kuwa haina miguu ya kukimbilia wala pembe za kujipigania, imejaliwa kujitengenezea sumu ya kuwafukuza wadudu na wanyama. Na katika sumu hizo zimo zile ziitwazo alkaloidi za pirolizidini, ambazo hupatikana katika mimea ya Senecio, katika heliotropi, katika jamaa ya Crotalaria, na katika Ageratum, gugu linaloota mashambani na kando ya njia katika nchi zetu. Zikiingia mwilini huenda kwenye ini. Na ini, ambalo kazi yake ni kusafisha, katika jitihada yake ya kuzisafisha huzigeuza kuwa kitu kikali zaidi, kinachoshikamana na chembe za mwili na hata na ile hati ya urithi iliyomo ndani ya chembe hizo. Kiasi kikiwa kikubwa, mishipa midogo ya damu iliyomo ndani ya ini huziba, tumbo hujaa maji, na mgonjwa huweza kufa kwa muda mfupi. Na kiasi kikiwa kidogo lakini cha kurudiwa mara kwa mara, ini husinyaa polepole, au huota saratani kama ilivyothibitika kwa panya waliolishwa sumu hizo.

Haya yana tarehe na mahali. Mwaka 1954 madaktari wa Jamaica, akiwamo D. B. Jelliffe ambaye baadaye alifundisha Makerere, walieleza ugonjwa wa ini uliowapata watoto waliokuwa wakinyweshwa chai ya majani ya porini. Miaka ya 1974 hadi 1976, katika wilaya ya Gulran, jimbo la Herat nchini Afghanistan, baada ya ukame wa miaka miwili, mbegu za heliotropi zilichanganyika na ngano. Na watu 7,200 walipopimwa, karibu robo yao walionekana kuwa na dalili za ugonjwa wa ini. Katika miaka hiyohiyo, huko Sarguja nchini India, mbegu za Crotalaria ziliingia katika nafaka ndogo iitwayo gondli, na watu wakaugua na kufa kwa namna ileile. Basi nauliza: ikiwa mkate wa familia nzima uliweza kugeuka sumu bila ya mtu kuonja tofauti, unga wa dawa, ambao mgonjwa anatarajia uwe mchungu, utatoa ishara gani?

MGANGA: Mwenyekiti, binti yangu amesema kwa ufasaha, nami sikuja kukanusha misiba ya watu. Lakini nimemsikiliza kwa makini, nami naona kuwa ushahidi wake haumgusi mshitakiwa. Jamaica walichuma mti mbaya. Kosa hilo tunalijua, na dawa yake ni mwalimu mzuri, wala si mizani. Afghanistan na India ni habari ya ngano na gondli, na sijasikia mtu akidai kuwa mkate upigwe marufuku mpaka upimwe. Mimi nilifundishwa na babu yangu, naye na wake, kuujua mti kwa gome, kwa harufu, kwa utomvu na kwa jirani zake. Na mwanafunzi wangu hathubutu kutia mkono mpaka nimeridhika kuwa macho yake yamekomaa. Maarifa hayo yamepimwa katika miili ya watu kwa karne nyingi, na dawa iliyodhuru ilikwisha kuachwa zamani, kwa sababu mganga anayeua hapati mgonjwa wa pili.

Fauka ya hayo, sumu hujisema yenyewe. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, unga wa lishe uliogawiwa kwa msaada uliingiwa na mbegu za mnanaha. Watu karibu 300 waliugua na watano wakafariki, Mungu awarehemu. Kilichotambua hatari ile kwanza ni watu kuona wenzao wakipagawa na kuanguka, ndipo ugawaji ukasimamishwa. Nasi sote tunajua kuwa hapana kitu kisichokuwa sumu kikizidi, hata chumvi. Basi kwa nini chembe isiyoonekana iwe hoja ya kumfungia mtu duka?

MFAMASIA: Mzee wangu ameniletea mfano ambao mimi mwenyewe ningeutafuta. Mnanaha ni sumu ya haraka: mtu hula asubuhi, na kabla ya jua kutua jirani zake wamekwisha kujua. Dhidi ya sumu ya namna hiyo uzoefu wa wazee ni shahidi mwadilifu, nami naupokea ushahidi wake bila ya kiapo. Lakini sumu ninayoisema mimi humwacha mtu anywe dawa yake mwaka huu, apone kikohozi chake, amshukuru mganga wake na kumpelekea zawadi, kisha baada ya miaka mingi aumwe ini. Na siku hiyo hapana mtu, wala mgonjwa mwenyewe, atakayekumbuka kile kikombe. Je, babu yake Mzee, pamoja na hekima yake yote, angeunganisha vipi vitu viwili vilivyotenganishwa na muda kama huo? Mganga anayeua polepole hupata mgonjwa wa pili, na wa mia.

Ushahidi wa Brussels unatosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki ya kupunguza unene, wanawake walipewa dawa ya Kichina ambayo ilitakiwa iwe na mmea uitwao fang ji. Mahali pake pakawekwa guang fang ji, mmea wa jamii ya Aristolochia, kwa sababu majina yanakaribiana. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibikiwa na mafigo, na miaka baadaye baadhi yao wakaonekana na saratani ya njia ya mkojo. Kinywa hakikuonja, pua haikunusa, na aliyeandika dawa aliamini kuwa ametoa ile iliyokusudiwa.

Ama kuhusu chumvi, kanuni ya kuwa kipimo ndicho kinachofanya sumu ni kanuni njema kwa sumu nyingi, lakini sumu zinazogusa urithi wa chembe haziahidi kuwa kuna kiasi ambacho chini yake zinalala kabisa. Kwa hiyo wanazuoni hawasemi, "hapa ni salama." Husema, "hapa hatari ni ndogo mno kiasi cha kutotutia wasiwasi."

MGANGA: Hapo ndipo nilipokuwa nakungojea, binti yangu. Hiyo hatari ndogo mno ni ipi, na nani aliyeipima? Nimesikia kuwa Wajerumani mwaka 1992 waliweka mikrogramu moja kwa siku kwa dawa za kunywa, na sehemu ya kumi ya hiyo ikiwa dawa itatumika zaidi ya wiki sita kwa mwaka. Mwaka 2014 kamati ya dawa za mitishamba ya Ulaya ikasema 0.35. Mwaka 2016, walipoona kuwa dawa nyingi zisizo na hatia zingetoweka madukani, wakaruhusu moja kwa muda. Na mwaka 2021 ile moja ya muda ikawa moja ya kudumu. Mizani inayopanda na kushuka hivyo, mimi sokoni siinunulii hata pilipili.

Tena kuna ajabu nyingine. Sheria ya chakula ya Ulaya, iliyoanza kutumika Julai 2022, inaruhusu kilo moja ya kamomili kavu, au ya nanaa, iwe na mikrogramu 400 za sumu hizo. Mtu akitia gramu moja na nusu katika kikombe, ana mikrogramu 0.6, akinywa viwili, amepita ile moja mnayotaka kunifungia mimi. Kamomili ileile, shamba lilelile: ikiitwa chai ni halali kwa vikombe viwili, na ikiitwa dawa ni haramu. Je, ini la mwanadamu husoma kibandiko cha pakiti?

MWENYEKITI: Naomba utulivu katika baraza. Swali hili lina haki ya kujibiwa.

MFAMASIA: Lina haki, nami nitalijibu kwa hisabu. Kipimo cha 2014 kilitokana na majaribio ya panya waliolishwa alkaloidi moja iitwayo lasiokarpini. Wataalamu walikisia kiasi ambacho kingeongeza saratani kwa mnyama mmoja katika kumi, wakapata mikrogramu 70 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wakaigawa kwa 10,000 ili kuweka masafa ya hadhari kati ya panya na binadamu. Wakaizidisha kwa mtu wa kilo 50, ikawa 0.35. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliyapitia upya majaribio yote, ikaona kuwa yale ya alkaloidi nyingine, ridelini, ndiyo yenye msingi imara zaidi, na humo kiasi kilikuwa 237. Gawanya kwa njia ileile na zidisha kwa kilo zilezile, utapata 1.2 hivi, nayo kamati ya dawa ikaishusha hadi moja. Mizani haikuchezewa, Mzee. Kilichobadilika ni jiwe la kupimia, na lilibadilishwa hadharani, hesabu yake ikiwa wazi kwa yeyote mwenye kutaka kuihakiki.

Ama habari ya chai, nakiri kuwa sheria mbili hizi hazikuzaliwa na mama mmoja. Ile ya chakula iliuliza: mkulima hodari anaweza kushusha sumu hadi wapi? Ile ya dawa iliuliza: mwili unaweza kuvumilia hadi wapi? Kadhalika yale 400 ni dari, wala si sakafu ambayo kila pakiti inasimama juu yake. Na si sumu yote iliyomo katika jani inayotoka kuingia katika maji. Lakini tofauti kubwa ni kuwa mnywaji wa chai ana afya na hiari, na mgonjwa amekuja kwetu akiwa dhaifu, pengine na ini ambalo malaria au homa ya manjano imekwisha kulichosha, naye ametukabidhi amana yake. Aliyekabidhiwa amana hupimwa kwa mizani kali zaidi.

MGANGA: Neno la amana nalikubali. Lakini mizani yenyewe iko wapi? Kuipima sumu hiyo kunahitaji mashine za kemia za thamani kubwa, zenye kutafuta alkaloidi za aina 21, na nyingine 14 zinazofanana nazo umbo. Kampuni ya Ulaya italipa na kuongeza bei. Bibi yule auzaye majani mabichi mnadani atalipa nini? Hoja hii ikipita kama ilivyoandikwa, sumu haitaondoka. Wataondoka maskini, na wagonjwa wao watabaki na vichaka bila ya mwongozi.

MWENYEKITI: Kabla ya kujibiwa hilo, nampa nafasi Mkulima, ambaye amekaa kimya mpaka sasa.

MKULIMA: Shikamoo Mzee. Mwenyekiti, mimi si msomi wa maini. Nitasema ninayoyajua. Nilizaliwa Ruvuma, na huko watawa wa Peramiho waliwafundisha watu kupanda marejea ili kurutubisha ardhi. Leo nasikia kuwa marejea ni Crotalaria, jamaa ya ile iliyowaua watu wa India. Sina ugomvi na marejea, iliwafaa watu. Lakini ninajifunza hapa kuwa mmea mmoja huweza kuwa rafiki mahali pamoja na adui mahali pengine, na anayejua mahali ni mwenye jembe.

Sasa nauliza. Gugu moja ndani ya shamba la dawa lina uzito gani katika hesabu zenu?

MFAMASIA: Ndugu yangu, tuseme gugu la Senecio likikauka lina gramu 5, na sumu yake ni sehemu 2 katika 1,000 za uzito huo, kiasi kisichokuwa kigeni kwa jamaa hiyo. Hizo ni mikrogramu 10,000. Mmea huo mmoja unatosha kuzifikisha kilo 50 za majani safi katika mpaka wa mikrogramu 200 kwa kilo, ambao ndio uliowekwa kwa majani mengi ya chai ya mitishamba. Na kwa mpaka wa dawa, ni sehemu ya mtu mmoja kwa siku 10,000, yaani zaidi ya miaka 27.

MKULIMA: Basi hapo mmenionyesha jambo ambalo ninyi wawili mmelipita. Mnunuzi wa majani hunilipa kwa kilo. Gugu nalo lina kilo. Nikipalilia mara tatu, nalipa vibarua mara tatu, na mwishowe gunia langu linakuwa jepesi kuliko la jirani ambaye hakupalilia. Mnunuzi hutupa bei moja. Kisha anachanganya gunia langu na lake, anasaga, anapeleka mjini. Na huko mjini mnaanza kutafuta sumu kwa mashine. Ninyi mnapima mwisho wa safari kitu kilichoingia mwanzo wake, na katikati tunalipwa ili kiingie.

MFAMASIA: Maneno hayo yana uzito, nami naongeza moja. Watafiti wa Ujerumani wameonyesha kuwa magugu hayo yakiachwa yaoze shambani, sumu yake huingia ardhini, na mimea safi iliyo jirani, kama kamomili na nanaa, huinyonya kwa mizizi. Kwa hiyo kung'oa hakutoshi. Lililong'olewa litolewe nje ya shamba, wala lisilazwe kuwa mbolea katikati ya mistari ya dawa. Tume ya Kodeksi ya vyakula ilitoa mwaka 2014 mwongozo mzima juu ya udhibiti wa magugu hayo, na mashauri yake mengi hayahitaji mashine: kagua shamba kabla ya kuvuna, ng'oa kabla gugu halijatoa mbegu, safisha vifaa.

MGANGA: Sasa mnazungumza lugha niliyolelewa nayo. Nami nitoe langu. Mimi nikibandua gome la mwarobaini, hapana gugu linaloota ndani ya gome. Nikichimba mzizi mmoja, nautazama. Hatari iko katika majani madogo yanayofyekwa kwa mundu, na zaidi katika unga, kwa sababu jani zima hulitambua kila mwenye macho, lakini unga haumtambui hata aliyeusaga. Mkisema kila unga unaouzwa mbali na shamba lake upimwe, mimi nanyamaza. Mkisema gome langu lifunge safari mpaka maabara, napinga mpaka kesho.

MWENYEKITI: Mabibi na mabwana, kazi ya mwenyekiti ni kupima yaliyosemwa. Katika karne ya 12 al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza muhtasibu, wasimamizi wa masoko, na humo akaeleza hila za wauza dawa waliochanganya kitu duni na kitu cha thamani. Muhtasibu yule alimtafuta mwizi, na akimpata alikuwa na wa kumwadhibu. Msiba wetu hauna mwizi: mkulima hakukusudia, mnunuzi hakujua, mganga hakuona, na mgonjwa amekufa. Sheria inayongoja nia mbaya haitamkamata mtu. Kwa hiyo ni lazima dhima itanguliwe na kazi iliyo bayana, ambayo kila mmoja ataulizwa kama aliitenda.

Naona kuwa Mfamasia ameshinda katika jambo moja la msingi: uzoefu wetu, tunaoupenda kwa haki, hauna macho ya kuona madhara yanayochukua miaka, na pasipo tarakimu hapana namna ya kuyazuia. Mpaka uwepo. Mganga naye ameshinda katika jambo la pili: mpaka usiotofautisha gome na unga, wala bibi wa mnadani na mwenye ghala, ni mpaka wa kuwaondoa watu. Na Mkulima amewashinda wote wawili katika la tatu, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha sumu inaingilia wapi na nani analipa ili iingie.

Kwa hiyo natoa rai kuwa hoja isipite kama ilivyoandikwa, ila ipite imerekebishwa hivi. Kwanza, mnunuzi wa majani ya dawa alipe bei ya juu kwa shamba lililokaguliwa na kupaliliwa, na akatae gunia la shamba lisilokaguliwa, hata likiwa jepesi ama zito. Pili, dawa ya unga au ya majani yaliyokatwakatwa, inayochanganya mavuno ya mashamba mengi, ipimwe kwa mafungu kabla ya kuuzwa, na mpaka wake uwe mikrogramu moja kwa siku kwa mtu mzima, mtoto akipunguziwa kwa uzito wake. Tatu, dawa nzima inayotambulikana kwa macho, inayotolewa na mganga kwa mgonjwa wake mwenyewe, ibaki chini ya elimu na usajili wa mganga huyo. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002 na Baraza lililoundwa kwayo, na utafiti wa dawa za asili ulianza Muhimbili mwaka 1974. Msingi wa kujengea upo.

MGANGA: Swali moja, Mwenyekiti, kabla ya kura. Gharama ya kupima hilo fungu ataitoa nani?

MWENYEKITI: Aliyelichanganya. Yeye ndiye aliyeondoa uwezo wa macho kuhukumu, akapata faida kwa kufanya hivyo. Na awe kampuni ya ng'ambo au mfanyabiashara wa mtaani kwetu, faida hiyo ndiyo ya kwanza kutozwa. Wanaoiunga mkono hoja iliyorekebishwa wanyooshe mikono.

MKULIMA: Mimi wa kwanza, ikiwa bei ya gunia itabadilika msimu huu, wala si baada ya kamati tatu.